Ua la Shaba: Je, Kuzoea Ni Kuvumilia?

Katika mji wetu wa Bukavu kuna neno moja ambalo labda lasemwa mara nyingi kuliko salamu yenyewe. Umeme ukikatika siku nne, jirani asema, "Tumezoea." Mvua ikibomoa njia ya Kadutu, dereva asema, "Tumezoea." Mtu atozwa pesa kwa karatasi ambayo sheria yasema ni ya bure, naye alipa, aikunja karatasi yake na kusema, "Tumezoea." Neno hili husemwa pamoja na kicheko kidogo, na wageni hulisifu. Husema: Tazama watu hawa walivyo wavumilivu! Mimi nataka kuuliza kama sifa hiyo ni ya haki. Je, kuzoea ubaya ni sawa na kuuvumilia? Na kama si sawa, tutatambuaje tofauti, maana kwa nje mambo haya mawili yafanana kama mapacha?

Ili swali lisituponyoke, nachukua mfano wa ua. Si ua la hapa kwetu Kivu, penye mvua nyingi na migomba. Ni ua la Katanga, kwenye misitu mikavu ya miombo, ambako tangu Mei hadi Septemba mbingu hufunga na nyasi huwa kama makapi. Wataalamu waliliita Haumaniastrum katangense. Watu wengine huliita tu ua la shaba, nami nitafuata hao.

Kwa sura si kitu cha kushangaza. Ni mmea wa mwaka mmoja: waota wakati wa mvua, watoa maua mvua zikiishia, waacha mbegu zake chini, wafa. Ni wa ukoo mmoja na mrehani. Hauzidi sana goti la mtu, na maua yake ni madogo, yamesongamana kichwani, rangi yake yaelekea zambarau. Ukiupita njiani hutasimama. Ajabu yake haiko katika maua, iko chini ya miguu yako.

Maana toka Lubumbashi hata Kolwezi, mwendo wa kilometa kama 300, vimetapakaa vilima vyenye shaba nyingi sana. Katika udongo wa kawaida, kilo moja huwa na shaba ya miligramu makumi machache tu. Katika vilima vile kilo moja yaweza kuwa na gramu nzima, hata gramu 10. Shaba kidogo ni chakula cha mmea. Shaba nyingi namna ile ni sumu, yachoma mizizi. Kwa hiyo miti ya miombo huja hata ukingoni mwa kilima, kisha hukoma, kana kwamba mtu amechora mstari. Juu yake yabaki nyasi na majani machache yenye ujasiri, na katikati yao ua letu, mara nyingine limejaa kama zulia.

Wahunzi wa zamani walivijua vilima hivyo vilivyo uchi. Walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa mivukuto katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakamimina misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya watu wengi na iliyozikwa pamoja na wafu kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika. Watafuta madini wa karne ya 20 nao walijifunza kuusoma mmea huu kama maandishi: ulipo, chimba. Miaka ya 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Paul Duvigneaud, aliichunguza mimea ya vilima hivi kwa uangalifu mkubwa, na baada yake François Malaisse aliyefundisha Lubumbashi miaka mingi. Hata wachunguzi wa mambo ya kale waliufuata. Mahali ambapo palikuwa tanuri miaka mia kadhaa iliyopita, takataka za shaba zilibaki udongoni, na ua likaota juu yake likaonyesha: hapa watu walifanya kazi. Mafundi wamesahauliwa majina, lakini jani la mwaka mmoja bado lawashuhudia.

Basi, mfano huu nimewahi kuusikia ukitolewa mbele ya waamini, tena kwa ufasaha. Mhubiri alisema: Kama ua lile lichanuavyo juu ya sumu, ndivyo mtu mwema achanue katika nchi iliyoharibika, asilalamike, azoee, atoe maua. Watu walifurahi. Mimi pia nilifurahi, hata nilipofika nyumbani nikaanza kuyachambua maneno yale, nikaona kwamba mwanzo wake ni dhahabu na mwisho wake ni bati.

Jambo la kwanza. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kwamba Mtakatifu Toma wa Akwino aliuweka uvumilivu chini ya fadhila ya ushujaa. Hakuuweka chini ya upole, wala chini ya utulivu wa tabia. Kazi ya uvumilivu, kwa mafundisho yake, ni kuilinda akili njema isishindwe na huzuni iletwayo na mabaya. Angalia vema neno hilo, huzuni. Ili uwe mvumilivu ni lazima kwanza ubaya ukuume. Mtu asiyeona tena uchungu hana cha kuvumilia, kama vile mtu asiye na njaa hawezi kusemwa kwamba amefunga. Aliyekufa ganzi mkono, ukimchoma sindano hapigi kelele; je, tumsifu kwa ushujaa? La, tumpeleke kwa mganga.

Hapa ndipo kuzoea kunapoachana na kuvumilia. Mvumilivu huita ubaya kwa jina lake, kisha hukaa wima chini yake. Aliyezoea amelipoteza jina. Alipotozwa pesa mara ya kwanza aliita wizi, mara ya kumi aliita desturi, sasa aita "kumwachia mkubwa ya sukari." Mzigo ni ule ule, pesa ni zile zile. Kilichobadilika ni kamusi iliyo moyoni mwake.

Najua mtu atanijibu kwa methali, maana kwetu methali ni kama fimbo ya mzee, haikosekani: mvumilivu hula mbivu. Nakubali. Lakini ndizi iliyoiva ni ya shamba lililopaliliwa. Sijaona bado mgomba uliozaa kwa sababu mwenyewe aliyazoea magugu.

Jambo la pili lahusu mizizi na vumbi. Zamani wataalamu walipoyapima majani ya mimea hii walikuta shaba nyingi ajabu, wakasema: Huu mmea wajijaza shaba mwili mzima. Baadaye wengine walipima upya, majani yakioshwa vizuri zaidi, wakagundua kwamba sehemu kubwa ya shaba ile haikuwa ndani ya majani. Ilikuwa vumbi tu lililoyakalia! Mfano huu wanipendeza kwa sababu unatuzuia kuhukumu haraka. Twamwona askari mshahara haumfikii, mwuguzi anauza dawa pembeni, karani ana mkono ulio wazi, nasi twasema: Hao wameoza ndani. Pengine. Na pengine ni vumbi la njia waliyopitia, ambalo mwosho mmoja wa haki, yaani mshahara wa kweli unaofika mwisho wa mwezi, ungeliondoa. Huwezi kujua kwa kutazama toka mbali.

Lakini jambo la tatu ndilo lililoninyima usingizi. Ikiwa ua hili lakaa juu ya shaba, je, laipenda shaba au laistahimili tu? Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 2010 watafiti wa Lubumbashi na wa Brussels walieleza majaribio yao. Walipanda ua la shaba katika udongo wenye shaba na katika udongo usio nayo. Ungedhani kwamba mmea ukitolewa sumuni utanenepa kama mfungwa aliyefunguliwa. Kumbe sivyo: palipo na shaba ulikua vizuri zaidi, na pasipo shaba ulidhoofika. Ndipo walipotia udongoni dawa ya kuua kuvu, na mmea ukapata nguvu hata bila shaba. Wakaona kwamba huenda mmea hauihitaji shaba kwa chakula. Ni kwamba katika udongo safi adui zake wadogo, kuvu wale washambuliao mizizi, humla. Na shaba huwazuia. Sumu ni ngao yake.

Ndugu msomaji, soma tena maneno hayo polepole. Sumu ni ngao yake.

Je, hatuwajui watu wa namna hiyo? Hawaivumilii fujo kama sisi. Wamejificha ndani yake. Mfanya biashara ambaye katika soko lenye mizani ya haki na kodi ya haki angeshindwa na vijana wenye bidii kuliko yeye. Lakini kwa kuwa bidhaa hazipiti ila kwa anayefahamiana na mwenye kizuizi, yeye peke yake hupitisha. Mkuu wa kazi asiyejua kazi, ambaye mtihani mmoja wa wazi ungemwangusha. Hao nao husema "tumezoea," tena kwa sauti kubwa kuliko wote, na kwa uso wa mtu anayeteseka. Nchi yetu imelitungia jambo hili jina, artikle 15. Kila Mkongo ajua maana yake: jitafutie. Haimo katika sheria yoyote inayotumika; ni mzaha wa wananchi uliokua hata ukaipita sheria yenyewe kwa nguvu. Na ubaya wake ni huu, kwamba kivuli kimoja hufunika watu wawili tofauti kabisa: mama auzaye sambaza kando ya njia ili watoto wale, na yule anayemtoza huyo mama kila asubuhi. Wote wawili wajitafutia. Mmoja akua juu ya sumu kwa sababu hana udongo mwingine. Mwingine akua kwa sababu ya sumu.

Kwa hiyo nilifikiri nimepata kipimo. Nilisema moyoni: Mwulize mtu swali moja tu. Udongo huu ukisafishwa kesho asubuhi, je, utafurahi au utaogopa? Atakayefurahi alikuwa mvumilivu. Atakayeogopa alikuwa mwenye kufaidika. Nilikipenda kipimo changu kwa sababu ni kifupi, tena hakina gharama.

Nikakileta kwenye shirika letu jioni moja, na mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi akakivunja mbele ya watu wote.

"Mwalimu," aliniambia, "wakati masomo ya bure yalipotangazwa, mimi niliogopa. Basi mimi ni mwizi?"

"La, mama, sikusema hivyo."

"Umesema. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliotulipa, kwa sababu serikali haikutulipa. Nilijua ni dhuluma kwa wazazi. Niliwaona watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa pesa, na mimi ndiye niliyesoma majina yao mlangoni. Usiku sikulala. Halafu mwaka 2019 wakasema: Kuanzia sasa wazazi wasilipe shule ya msingi. Nikasema, Asante Mungu. Dakika ile ile nikasema, Na watoto wangu watakula nini? Maana jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaolipwa."

Watu walinyamaza. Ni kweli kwamba masomo ya bure yalipoanza kutekelezwa, madarasa yalifurika watoto, jambo la furaha kabisa. Na ni kweli pia kwamba walimu wengi hawakuwa katika orodha ya mishahara, wakabaki kati ya mlango na dirisha. Udongo ulisafishwa kabla mizizi yao haijatafutiwa kinga. Yaliyolipata ua la shaba katika udongo safi usio na dawa ndiyo yaliyowapata.

Basi kipimo changu kilikuwa chepesi mno. Hofu peke yake haimhukumu mtu. Mama yule aliogopa na kushukuru katika dakika moja, na naona kwamba shukrani yake ndiyo ilimtenga na mwenye kufaidika. Maana mwenye kufaidika haoni kabisa cha kushukuru udongo unaposafishwa. Tena, mama aliendelea kuita dhuluma dhuluma, hata ilipokuwa ikimlisha. Hilo ni gumu kuliko kuita dhuluma ile inayokuumiza. Kulalamika juu ya kizuizi cha mwenzako ni rahisi. Sema kweli juu ya kile kinachokujazia sufuria, nami nitakuvulia kofia.

Wengine husikia haya wakasema: Kumbe fundisho ni kuondoka, mwenye akili ang'oe mizizi yake aende Kampala au Ulaya. Simlaumu aliyekwenda. Lakini mtu aweza kubaki bila kuzoea, nasi wa Bukavu tumemwona. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliliongoza jimbo letu katika miaka ile iliyofuata mauaji ya Rwanda ya 1994, wakimbizi walipojaa mjini na pembezoni mwake, na bunduki zikawa nyingi kuliko majembe. Hakuondoka. Aliandika, alisema, aliwataja wenye nguvu bila kubagua upande, hata alipouawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996. Mtu yule alisimama katika udongo ule ule tuliosimama sisi, na hadi siku ya mwisho ulimwuma. Wazee waliomjua hawamsimulii kama mtu aliyetulia. Wamsimulia kama mtu aliyekuwa na haraka.

Baada ya yeye mji umeingiwa na askari mara nyingine, mwaka 2004 na tena Februari 2025, na kila mara neno letu lilirudi midomoni. Sitaki kuwa mkali kwa mtu aliyesema "tumezoea" akiwa amelala sakafuni na watoto wake, risasi zikipita juu. Saa ile neno hilo ni blanketi. Lisilofaa ni kulivaa mchana, ofisini, sokoni, mwaka mzima.

Kuna jambo moja bado, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote. Tumesema juu ya mmea; hatujauliza juu ya udongo. Shaba ya vilima vya Katanga iliwekwa na maumbile, hakuna wa kushtakiwa. Lakini karibu na Lubumbashi kuna ardhi nyingine ambapo ua la shaba limeenea bila kuwapo kilima chochote cha shaba. Ni ardhi iliyo upande ulikopelekwa na upepo moshi wa kiwanda cha kuyeyushia madini, miaka na miaka, vumbi lake likianguka juu ya msitu, miti ikafa, ua likaja. Ukitazama maua huwezi kutofautisha: pale kilimani na hapa chini ya moshi ni zambarau ile ile. Lakini kwa mambo ya haki tofauti yake ni kama mbingu na nchi. Sumu ya kilima ni maumbile. Sumu ya moshi ina mwenyewe. Na mhubiri anayelisifu ua tu, asiulize moshi watoka wapi, amemfanyia mwenye bomba la moshi kazi nzuri sana, tena bila malipo.

(Nasema pia kwa haki kwamba ua letu lenyewe haliko hatarini, laota hata penye machimbo na kando ya barabara. Walio hatarini ni ndugu zake. Katika vilima vile kuna mimea zaidi ya 30 isiyopatikana mahali pengine popote duniani, na kilima kikichimbwa chote, mmea wa kilima hicho hauna pa kuhamia. Wanaojua kuzoea kila mahali hubaki. Wenye kupenda mahali pamoja hufa. Hilo nalo lingestahili makala yake.)

Hapa Bukavu mteremko ni kilima cha maumbile. Hakuna aliyeuweka. Milima yetu ni mikali, mvua yetu ni nyingi, ardhi huteleza. Vitu hivyo twavivumilia kwa haki, kwa kupanda miti, kuchimba mitaro na kusaidiana. Lakini tangu vita vya 1996 watu wengi walikimbia vijiji, wakaja mjini kutafuta usalama, na viwanja vikauzwa hata ndani ya makorongo, mahali ambapo kila mtoto ajua maji hupita. Kila mwaka maji huja kudai njia yake, na tukishazika twasema, "Mungu amepanga; tumezoea." Kwa mteremko, sawa. Kwa korongo, hapana. Korongo liliuzwa. Lina stakabadhi, lina muhuri, lina sahihi ya mtu aliyekaa kitini akijua.

Mzee mmoja wa shirika letu, ambaye nyumba yake iko mahali pa namna hiyo, aliniuliza baada ya mazungumzo yale: "Mwalimu, sasa nifanye nini? Nihame niende wapi?" Sikuwa na kiwanja cha kumpa. Nilimwambia kwamba hakuna anayemdai yeye ang'oke peke yake. Aliyepanda mmea penye sumu ndiye wa kuulizwa kwanza, kabla ya mmea. Akafikiri kidogo, akasema kwamba karatasi ya kiwanja anayo, ameifunga katika nailoni juu ya kabati, na hajaisoma tangu siku aliyoipewa.

Wiki iliyofuata aliileta. Tuliisoma pamoja, yeye, mimi, mama mwalimu na vijana wawili wanaojua Kifaransa cha ofisini. Jirani zake watatu nao walileta zao. Tumekubaliana kwamba kila familia ya bondeni ilete karatasi yake, tuandike tarehe na sahihi katika daftari moja, kisha wajumbe wanne walipeleke daftari hilo ofisini na kuuliza kwa adabu, mbele ya mashahidi, mvua hazijaanza.